Nani Anaomba Ripoti? Seva Kongwe Inapokutana na Programu Mpya ya Wavuti

Mfumo wa kompyuta unapozeeka, kitu cha mwisho kukubali kung'oka huwa ni ripoti. Skrini za kuingizia data zitabadilishwa, malipo yatahamia kwenye simu, wafanyakazi watapewa programu mpya ya wavuti inayopendeza macho. Mwisho wa mwezi ukifika, mhasibu atarudi kwenye seva ile ile aliyoizoea na kutoa mizania yake pale. Si ukaidi. Ripoti ile imepita mikononi mwa wakaguzi wa nje, wasimamizi wa serikali wameipokea mara nyingi bila kuuliza swali, na hakuna mtu ofisini aliye tayari kuapa kwamba ripoti mpya itatoa jumla ile ile hadi senti ya mwisho.

Kwa hiyo kazi inayomfikia mwandishi wa programu mara nyingi si kuiondoa seva ya ripoti. Ni kuiunganisha: mtu aingie kwenye programu mpya, abofye, na ripoti ya zamani imfikie kana kwamba imezaliwa humo humo. Kwa kusikia, ni kazi ya mchana mmoja. Kwa kuifanya, hula wiki, na sehemu inayokula wiki sio ile ambayo wengi hutarajia.

Nichukue seva moja inayopatikana kila mahali penye kompyuta za Windows, yaani SQL Server Reporting Services ya kampuni ya Microsoft, ambayo wengi huiita SSRS tu. Ilitoka Januari 2004 kama nyongeza ya SQL Server 2000, ikaendelea kukua toleo baada ya toleo. Upande wa pili niweke programu ya wavuti iliyoandikwa kwa ASP.NET Core. Na mwenye mali awe Sacco ya Kenya yenye matawi kadhaa, ya kubuni, ila ya aina ambayo msomaji yeyote aliyewahi kukopa ataitambua. Bodi imeamua mameneja wa matawi wapate ripoti zao kwenye tovuti mpya ya ndani, na wanachama wapate taarifa za akiba zao kwenye simu. Ripoti zenyewe zipo tayari kwenye SSRS, na zimekuwapo miaka mingi.

Kwanza tuelewe ripoti ya SSRS ni nini hasa, kwa sababu ukiidhani ni ukurasa wa kuchapisha tu utashawishika kuiandika upya. Kila ripoti ni faili la XML la aina iitwayo RDL. Ndani ya faili hilo hilo mna swali linalokwenda kwenye hifadhidata, fomula za hesabu, vigezo ambavyo mtumiaji huulizwa, na mpangilio wa safu na mistari. Faili halikai kwenye folda ya diski. Limehifadhiwa ndani ya hifadhidata ya seva yenyewe, inayoitwa ReportServer, na pembeni yake kuna nyingine, ReportServerTempDB, ya mambo ya muda mfupi. Seva ikiombwa, huchota data, hukokotoa, kisha humimina matokeo katika umbo linalotakiwa: PDF, Excel, Word, CSV, au ukurasa wa wavuti.

Sasa fungua ripoti ya mikopo chechefu ya Sacco yetu. Kanuni za mwaka 2010 za Sacco zinazopokea amana, ambazo husimamiwa na mamlaka ya SASRA, hupanga mikopo kwa siku za kuchelewa: mkopo wa siku 1 hadi 30 ni wa kuangaliwa, nao hutengewa akiba ya asilimia 5, siku 31 hadi 180, asilimia 25, siku 181 hadi 360, asilimia 50, zaidi ya hapo, asilimia 100. Mgawanyo huo ukiuona kwenye kitabu cha kanuni ni mistari michache. Ukiuona ndani ya RDL, umezungukwa na maamuzi madogo madogo: mkopo uliopangwa upya uhesabiwe tangu tarehe ipi? Malipo yaliyoingia Jumamosi usiku yahesabiwe ya siku gani? Mwanachama mwenye mikopo miwili, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, aonekaneje? Kila jibu liliwekwa na mtu fulani, baada ya mkutano fulani, na mtu huyo huenda alishahama. Faili la ripoti ndilo kumbukumbu pekee iliyobaki. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuunganisha badala ya kubomoa.

Zamani kuunganisha kulikuwa rahisi kweli. Programu za wavuti za Microsoft ziliandikwa kwa mtindo wa Web Forms, na palikuwa na kifaa kilichoitwa ReportViewer: unakiweka ukurasani, unakiambia anwani ya seva na jina la ripoti, basi. Kinaleta vigezo, kurasa, kitufe cha kupakua, vyote. Juni 2016 ASP.NET Core ilitoka bila Web Forms, na ReportViewer ikabaki nyuma. Microsoft hawakuwahi kutoa mrithi wake kwa upande huo mpya. Aliyezoea kuweka kifaa kimoja na kwenda nyumbani akajikuta lazima ajue seva inaongea vipi.

Na seva inaongea kwa njia tatu. Ya kwanza ni anwani ya wavuti: kila ripoti ina anwani, na vigezo vyake huandikwa mwishoni mwa anwani hiyo. Ya pili ni huduma za SOAP, ambazo ni za zama zake: ujumbe wa XML unakwenda, ujumbe wa XML unarudi. Ya tatu ni REST, iliyokuja na toleo la 2017, na hii huwapoteza wengi. Mtu akisikia REST anadhani amefika, kwa maana programu zote za siku hizi huongea hivyo. Lakini REST ya SSRS ilijengwa kwa kusimamia ghala: kuorodhesha folda, kupandisha ripoti, kushughulikia ruhusa na ratiba. Kuichakata ripoti na kukupa PDF yake si kazi yake. Kwa kazi hiyo unarudi kwenye anwani au SOAP.

Kabla ya njia hizo kuna kishawishi, nacho ni fremu. Unaweka ndani ya ukurasa wako mpya dirisha dogo linalofungua anwani ya ripoti moja kwa moja kwenye seva ya zamani. Mistari miwili ya msimbo, na kwenye kompyuta ya mwandishi inafanya kazi vizuri kabisa, kwa kuwa yeye ameingia kwenye mtandao wa ofisi kwa akaunti ya Windows na kivinjari chake kinapeleka kitambulisho hicho kimyakimya. Meneja wa tawi akijaribu kutoka kwenye kompyuta yake ya mkononi, kinajitokeza kisanduku cha kuomba jina na nenosiri asilolijua. Kama tovuti mpya iko kwenye HTTPS na seva ya zamani bado iko kwenye HTTP, kivinjari hakitafungua fremu hiyo kabisa. Na tangu Chrome 80, iliyotoka Februari 2020, vidakuzi visivyo na maelezo ya ziada havipelekwi tena ndani ya fremu ya tovuti nyingine. SSRS hutumia kidakuzi kukumbuka ni ripoti gani umeifungua, kwa hiyo mtumiaji anaona ukurasa wa kwanza, anabofya wa pili, na seva inamwambia haimjui. Seva zote mbili zikiwa chini ya domeini moja tatizo hili halipo, ila seva za ndani mara nyingi huitwa kwa jina la mashine tu.

Hayo yote yanatibika. Lisilotibika ni hili. Tazama anwani iliyo ndani ya fremu:

http://ripoti-ndani/ReportServer?/Mikopo/Chechefu&Tawi=7&Tarehe=2025-03-31&rs:Command=Render&rs:Format=PDF

Soma polepole. Baada ya alama ya kuuliza kuna njia ya ripoti: folda ya Mikopo, ripoti ya Chechefu. Kisha vigezo viwili vya ripoti yenyewe, tawi na tarehe. Vinavyoanza na rs: ni amri kwa seva: ichakate, itoe kwa PDF. Meneja wa tawi la 7 ana anwani hii kwenye kivinjari chake. Hahitaji kuwa mdukuzi ili abadilishe 7 kuwa 8. Seva itatazama kama ana ruhusa ya kufungua ripoti ya Chechefu, itakuta anayo, itampa mikopo ya tawi la jirani pamoja na majina ya wadaiwa. Seva haijakosea. Ruhusa zake ni za ripoti nzima na folda. Haijui kwamba kwenu kila meneja ana tawi lake. Kwenye taarifa za wanachama, badala ya tawi weka namba ya uanachama, halafu ufikirie mtoto wa sekondari mwenye udadisi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitauliza kama tatizo lilikuwa la fremu.

Hapo ndipo kiini cha kazi nzima kilipo, na ndipo wiki zinapoliwa. Seva ya zamani ilijengwa katika ofisi ambamo kila anayeomba ripoti ana akaunti ya Windows, na seva inamfahamu kwa jina. Programu mpya inaleta watu ambao seva haijawahi kuwasikia: mwanachama aliyeingia kwa namba ya simu na tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, meneja aliyeingia kwa akaunti ya barua pepe. Kuchagua kati ya anwani na SOAP ni suala dogo. Swali kubwa ni nani anaomba, na nani kati ya mashine hizi mbili ana jukumu la kulijibu.

Wapo wanaojaribu kulisukuma swali hadi seva ya zamani, yaani programu mpya ipokee kitambulisho cha mtumiaji na kukipeleka mbele. Kwenye mtandao wa Windows hili lina kisiki kinachojulikana kama kuruka mara mbili. Kwa itifaki ya NTLM, mtumiaji anaweza kujithibitisha kwa programu ya wavuti, lakini programu haiwezi kujithibitisha kwa niaba yake kwenye mashine ya tatu, kwa sababu nenosiri lenyewe haikulipata kamwe. Ilipata tu uthibitisho kwamba analijua. Kerberos inaliruhusu, kwa sharti la kusajili majina ya huduma kwenye Active Directory na kutoa idhini ya kukabidhi kitambulisho kutoka mashine hii kwenda ile. Nimeona timu zikifanikiwa kwa njia hiyo, nazo zilikuwa na msimamizi wa mtandao mwenye subira na watumiaji wa ofisini pekee. Kwa mwanachama mwenye simu njia hiyo imefungwa tangu mwanzo, maana hana akaunti ya Windows ya kukabidhiwa.

Njia ninayoipendekeza ni kinyume: swali lijibiwe na programu mpya, na seva ya zamani iongee na mteja mmoja tu. Programu inapewa akaunti yake moja ya huduma. Kwenye SSRS akaunti hiyo inapewa wajibu wa Browser, ule wa kusoma tu, tena kwenye folda zinazohusika peke yake. Kivinjari cha mtumiaji hakiigusi seva ya ripoti wala hakijui iko wapi. Seva inabaki ndani ya ukuta wa mtandao wa ofisi. Kwa kubaki ndani tu umeshapunguza hatari: Februari 2020 Microsoft walitoa kiraka cha kasoro iliyopewa namba CVE-2020-0618, iliyokuwa kwenye SSRS za 2012, 2014 na 2016, ambapo mtumiaji mwenye ruhusa ndogo tu angeweza kuendesha msimbo wake kwenye seva. Seva za aina hiyo ambazo hazijatiwa kiraka bado zipo, na hakuna sababu ya kuziweka mbele ya intaneti.

Tufuatilie ombi moja hadi mwisho. Meneja anabofya Mikopo Chechefu, anachagua Machi. Kivinjari kinapeleka kwa programu jina la ripoti na mwezi. Angalia: hakipeleki tawi. Programu inamtambua meneja kwa kikao chake, inatazama kwenye hifadhidata yake kwamba huyu ni wa tawi la 7, na kwamba wadhifa wake unaruhusu ripoti hii. Ndipo inapojenga anwani ile tuliyoisoma, Tawi=7 ikiwa imeandikwa na programu yenyewe, na kuituma kwa akaunti ya huduma. PDF inarudi, programu inaimimina kwa meneja, kisha inaandika kwenye daftari lake: nani, ripoti gani, vigezo vipi, saa ngapi. Meneja akitaka kubadilisha 7 kuwa 8, hana pa kuibadilishia.

Daftari hilo si pambo. Seva ya ripoti ina kumbukumbu zake nzuri sana, lakini kuanzia siku ya muungano safu yake ya jina la mtumiaji itakuwa na jina moja tu, la akaunti ya huduma, mstari hadi mstari. Mkaguzi akiuliza ni nani alifungua taarifa ya mwanachama fulani, jibu litatoka kwenye programu mpya au halitatoka popote. Na kwa kuwa vigezo vilivyo kwenye anwani huachwa kwenye kumbukumbu za kila mashine vinapopita, namba za uanachama ni afadhali zipelekwe kwa njia ya POST, ambayo SSRS huipokea vilevile.

Kuna mtego mmoja ambao hautaonekana kwenye majaribio usipoutafuta. RDL ina kitu kiitwacho User!UserID, kinachomwambia mwandishi wa ripoti jina la anayeisoma. Waandishi wa zamani walikipenda, na wengine walikitumia kuchuja data: mpe afisa mikopo wateja wake tu, kwa kulinganisha jina lake la Windows na jedwali la wafanyakazi. Baada ya muungano kila msomaji ana jina moja. Kwa bahati nzuri ripoti itatoka tupu na mtu atalalamika. Kwa bahati mbaya, aliyeiandika aliweka sharti kwamba jina lisilokuwamo kwenye jedwali ni la makao makuu, basi lione kila kitu. Ripoti hiyo itapendeza machoni mwa kila afisa mikopo, na hakuna atakayelalamika. Maudhui ya RDL yamo kwenye safu ya Content ya jedwali la Catalog ndani ya hifadhidata ya ReportServer; yageuze kuwa maandishi na utafute neno hilo katika kila ripoti kabla ya kuunganisha hata moja. Ukiwa humo, tazama pia vyanzo vya data vinavyotegemea kitambulisho cha Windows cha msomaji. Hivyo navyo vitavunjika, au vitaanza kuchota data kwa mamlaka ya akaunti ya huduma, jambo ambalo hukulikusudia.

Sasa bomba lenyewe. Kwa ripoti zinazotolewa kwa PDF au Excel, anwani inatosha, na mimi huanza hapo. Ni ombi moja na jibu moja, na ukitaka kujaribu unabandika anwani kwenye kivinjari. SOAP ina faida unapohitaji kuuliza ripoti vigezo vyake kabla ya kuitoa, ili programu mpya ichore fomu yake yenyewe. Gharama yake ni kwamba mazungumzo yana hatua: unaifungua ripoti kwa LoadReport, seva inakupa namba ya kikao, unaweka vigezo, kisha unaomba Render, na ile namba lazima iambatane na kila ujumbe unaofuata kwenye kichwa cha ujumbe kiitwacho ExecutionHeader. Ukiisahau, seva inakana kukujua.

SOAP ina kiroja kingine kinachowapata karibu wote. Maktaba ya .NET inayoongea SOAP ina kikomo cha ukubwa wa ujumbe unaopokelewa: baiti 65,536, yaani KB 64. Ripoti ya majaribio yenye mistari kumi inapita. Ripoti halisi ya tawi kubwa inakwama kwa kosa linalozungumzia ukubwa wa ujumbe, na mwandishi anaanza kuichunguza seva ambayo haina hatia. Mpangilio unaitwa MaxReceivedMessageSize, upo upande wa programu mpya, na unarekebishwa kwa mstari mmoja.

Tarehe nazo zinastahili tahadhari kuliko zinavyopewa. Vigezo vilivyoandikwa kwenye anwani, SSRS huvisoma kwa lugha ya kivinjari kinachoomba. Zamani kivinjari kilikuwa cha mhasibu wa Nairobi, kimewekwa Kiingereza cha Uingereza, na 03/04/2025 ilimaanisha tarehe 3 Aprili. Sasa anayeomba ni programu, na pengine haitaji lugha yoyote. Seva iliyosimikwa kwa mipangilio ya Marekani inaweza kuisoma kuwa 4 Machi. Hakuna kosa litakalotokea. Ripoti itatoka safi, ya tarehe isiyo yake. Tarehe 25/04/2025 ndiyo itakayogoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo kasoro itaonekana siku fulani za mwezi na kupotea nyingine. Andika tarehe kwa kuanza na mwaka, 2025-04-03, na uitajie seva lugha kwa kigezo cha rs:ParameterLanguage. Fanya vyote viwili.

Kwenye seva iliyowekewa ukurasa wake wa kuingilia badala ya kutumia Windows, kuna jambo la kuangalia zaidi: ombi lisilotambuliwa linaelekezwa kwenye ukurasa huo, na jibu linarudi kana kwamba mambo ni shwari. Programu isiyo makini italihifadhi kama PDF. Meneja anapakua faili lisilofunguka, na ukilifungua kwa programu ya maandishi unakuta HTML ya fomu ya nenosiri. Kagua aina ya maudhui ya jibu kabla ya kuliamini. Na kama programu mpya inaendeshwa kwenye kontena la Linux, hakikisha mapema kwamba inaweza kuongea NTLM, na kwamba seva ya zamani inaongea TLS 1.2; Linux za sasa nyingi hukataa TLS 1.0 bila maelezo ya kueleweka.

Likishatulia hilo, utakutana na muda. Ripoti ndogo hutoka kwa sekunde mbili. Ripoti ya mwisho wa mwaka ya matawi yote inaweza kuchukua dakika kadhaa, na zamani mhasibu aliiacha ikizunguka akaenda kunywa chai. SSRS inaruhusu ripoti kuendelea hadi sekunde 1,800 kabla ya kuikatisha, ikiwa hakuna aliyebadilisha. HttpClient ya .NET inachoka kwa sekunde 100. Nginx, kama ipo mbele ya programu, inangoja jibu sekunde 60. Mwenye subira fupi ndiye anayeamua: kwa sekunde ya 60 mtumiaji anaona ukurasa wa kosa, na kwa kawaida anabofya tena, huku ombi la kwanza huenda bado linaisumbua hifadhidata. Mameneja kumi wakifanya hivyo asubuhi ya tarehe 1, seva iliyohimili miaka bila kelele itaonekana mbovu.

Kuongeza muda kila mahali ni kuahirisha tu. Ripoti nzito zitoke kwenye mkondo wa bofya-ungoje. Programu ipokee ombi, iliweke kwenye foleni, imwambie mtumiaji kwamba atajulishwa, na mfanyakazi wa nyuma azitoe chache kwa zamu. Au tumia alichonacho mzee tayari: SSRS ina usajili wa ripoti, unaoendeshwa na SQL Server Agent, unaoweza kuichakata ripoti usiku na kuiacha kwenye folda ya mtandao ikiwa PDF. Programu mpya inaiokota asubuhi. Sijui kwa nini njia hii hudharauliwa. Labda kwa kuwa haina kipya cha kujivunia.

Ripoti ipi ni nzito, seva yenyewe itakwambia. Ndani ya ReportServer kuna jedwali la kutazama liitwalo ExecutionLog3. Kwa kila ripoti iliyotolewa linaonyesha njia yake, aliyeomba, umbo alilotaka, vigezo, na muda kwa milisekunde uliogawanywa mara tatu: kuchota data, kuchakata, na kuchora. Mgawanyo huo una thamani. Muda ukiwa kwenye kuchota, tatizo ni swali la hifadhidata au faharasa iliyokosekana, na hakuna kitu utakachofanya kwenye programu ya wavuti kitakacholisaidia. Ukiwa kwenye kuchora, mara nyingi mtu anatoa Excel ya mistari laki moja ambayo angeridhika nayo kwa CSV.

Jedwali hilo hilo hutumika kuamua ripoti zipi ziunganishwe na zipi ziachwe zilale. Orodha yoyote ya ripoti za miaka mingi imejaa nakala: Chechefu, Chechefu2, Chechefu_mpya, Chechefu_mpya_sahihi. Hesabu maombi ya kila moja na utaona ni chache zinazotumika kweli. Ila uwe mwangalifu, kwa maana seva hutunza kumbukumbu hizo siku 60 pekee usipoibadilishia mpangilio. Ukizisoma mwezi wa Julai, ripoti ya gawio inayotolewa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka haitaonekana kabisa, na utaihesabu kuwa imekufa. Ongeza siku hizo mapema, au keti na mhasibu mkiwa na kalenda.

Kuhusu maisha yaliyobaki ya seva yenyewe, tarehe zinajulikana. SQL Server 2012 iliishiwa na msaada wa Microsoft Julai 2022, ya 2014 Julai 2024, na ya 2016 tarehe ya mwisho ni 14 Julai 2026. Microsoft wameshatangaza kwamba SQL Server 2025 haiji na SSRS mpya. Nafasi yake inachukuliwa na Power BI Report Server, ambayo inapokea mafaili yale yale ya RDL na kuitwa kwa anwani za muundo ule ule. Kwa Sacco iliyopitisha maombi yote kwenye programu moja, kuhama kunagusa anwani ya seva na akaunti ya huduma. Kwa iliyotapanya fremu kwenye kurasa, kila ukurasa utafunguliwa upya. Wakati wa kuhama usisahau ufunguo wa usimbaji wa seva ya zamani: nywila za vyanzo vya data zimefungwa nao, na bila nakala yake utaziingiza moja moja kwa mkono, kama bado kuna anayezikumbuka.

Baada ya hapo, kazi inarudi kwa mhasibu. Toa kila ripoti kwa CSV kutoka seva mbili, kwa tawi lile lile na mwezi ule ule uliokwisha kufungwa vitabuni, na uzilinganishe mstari kwa mstari kwa programu, si kwa macho. Tofauti zitakuwapo, nyingine ni za mpangilio wa mistari tu, nyingine ni senti za kukaribisha namba. Kila moja ielezwe kwa maandishi na mhasibu aitie sahihi, na seva ya zamani isizimwe hadi mwezi mmoja kamili wa kufunga hesabu upite kwenye ile mpya.